Kila Nguo Ni Moja Tu: Kubuni Programu ya Mitumba Ambayo Muuzaji wa Malindi Ataitumia

Swali: Mimi ni binti wa Malindi, nimemaliza diploma ya kompyuta mwaka jana. Mamangu na shangazi zangu wanauza mitumba sokoni. Nimewatengenezea programu ya simu ya kuuzia nguo, nikaiga zile za Ulaya, ina skrini 14. Nilipowaonyesha walisema, "Mashaallah, nzuri sana." Sasa ni mwezi wa pili, nguo zilizowekwa ni 6, na zote nimeziweka mimi. Nimekosea wapi, na nifanye nini iwe rahisi kutumia? Tena, pesa zipitie wapi, na je, nizishike mimi mpaka mnunuzi apokee nguo yake? Niweke Kiingereza na Kiswahili? Na ya iPhone nitengeneze pia? Nimekuambatishia picha za skrini.

Jibu: Mwanangu, jibu limo katika ile namba uliyoiandika mwenyewe. Nguo 6, na zote umeziweka wewe, ambaye una wakati na kuandika kwenye simu ndiyo kazi uliyoisomea. Mamako hakuweka hata moja, wala si kwa kuwa hajui simu. Mfanyabiashara wa sokoni siku hizi anapokea M-Pesa kutwa na anatupia picha WhatsApp kila anapofungua mtumba. Hakuweka kwa sababu programu yako inamla wakati.

Tupige hesabu. Mtumba wa kawaida ni kilo 45. Kama ni blauzi nyepesi, tuseme moja ina gramu 200, basi ndani mna vipande 225. Kwa picha za skrini ulizoniletea, programu yako inadai jina la bidhaa, aina, kampuni iliyoishona, saizi, rangi, kitambaa, hali, maelezo, bei, kisha picha tatu. Kwa mtu anayeandika kwa kidole kimoja hizo ni dakika 5 kwa kila blauzi. Dakika 5 mara 225 ni zaidi ya saa 18. Nani atakaa saa 18 na blauzi za shilingi 150, na huku wateja wamesimama mezani?

Sasa tupunguze iwe sekunde 40: picha, bei, kwisha. Wala hatazitia zote. Unajua jinsi mtumba unavyofunguliwa: kwanza hutolewa kamera, zile nguo safi zinazogombewa, kisha daraja zinazofuata, mpaka ibaki fagia ya kumwagwa chini na kuuzwa bei ya kutupa. Fagia haihitaji programu. Zinazostahili kupigwa picha huenda zikawa 30, na 30 kwa sekunde 40 ni dakika 20. Muda huo mamako anao, kabla ya adhuhuri, soko linapopoa.

Ndiyo maana nakwambia uache kuiga za Ulaya kwa upande wa muuzaji. Vinted, ambayo naona umeifuata kwa karibu, ilianzia Vilnius, Lithuania, mwaka 2008, pale Milda Mitkutė alipokuwa akihama nyumba na nguo zimemzidi. Programu ile ilizaliwa kwa mtu anayepunguza kabati lake: ana nguo 10 au 20, anazijua moja moja, anakumbuka alizinunua wapi, na jioni ana nafasi ya kuzieleza. Mamako hajawahi kuivaa ile blauzi. Ameiona leo kwa mara ya kwanza, kama mnunuzi wake. Ukimuuliza kitambaa gani atakisia, na kisio lake ndilo litakalozua ugomvi baadaye.

Lakini kuna jambo moja ambalo mitumba ya Malindi na kabati la Vilnius vinafanana, na ningependa ulikalie kabla ya kuchora skrini nyingine yoyote. Kila nguo ni moja tu. Duka la nguo mpya lina shati lile lile la buluu vipande 50, likiisha linaagizwa. Rinda la mtumba likiondoka limeondoka. Karibu kila uamuzi wa ubunifu unatoka hapo.

Kwanza, futa kikapu. Kwenye programu yako kuna kitufe cha "Ongeza kwenye kikapu", na watu watatu wanaweza kuweka rinda lile lile kwenye vikapu vyao, kila mmoja akilala akijua ni lake. Sokoni hakuna kikapu. Sokoni kuna "niwekee". Mteja anashika nguo, mfukoni hamna kitu, anasema, "Mama, niwekee hii, nitarudi alasiri," na muuzaji anaifunga kwenye mfuko mweusi chini ya meza. Kitufe chako kikuu kiandikwe hivyo hivyo: Niwekee. Mnunuzi akikigusa, nguo inatoka kwa wengine, na saa inaanza kuhesabu. Mimi ningeipa saa 3, na muuzaji awe na uwezo wa kuongeza kwa mteja anayemjua. Muda ukiisha bila malipo inarudi sokoni yenyewe, bila mtu kumtolea mwenzake maneno. Mwingine akiitaka wakati imewekwa, asione ukuta. Aone "Imewekewa mtu mpaka saa 10 alasiri", na nafasi ya kuandikisha jina nyuma yake. Kwa nguo ya bei kubwa, koti au viatu vya ngozi, muuzaji anaweza kudai arubuni kidogo, kama afanyavyo ana kwa ana.

Pili, na hili ndilo linaloziua programu nyingi za aina yako: nguo iliyo kwenye simu ipo pia mezani. Anakuja mtu na shilingi 300 mkononi, analichukua lile rinda, anakwenda zake. Baada ya nusu saa, mtu wa Watamu analilipia kwenye simu. Ikitokea hivyo mara mbili, mnunuzi wa Watamu hatarudi. Usimtegemee muuzaji kukumbuka kufungua programu, atafute picha kati ya 30, afungue, abadilishe hali, athibitishe. Mpe namba. Kila nguo ikishapigwa picha, programu itoe namba fupi, 1 hadi 999, naye aiandike kwenye kikaratasi na kukibana kwa pini kwenye lebo. Ikiuzwa mezani, anabandua kikaratasi na kukitia kwenye kopo. Akipata nafasi anafungua programu, anagusa Imeuzwa, anaandika namba moja baada ya nyingine: 41, 17, 88. Hakuna kutafuta. Na pale penye Imeuzwa pawe na Rejesha kwa dakika kadhaa. Niliwahi kutengeneza programu ya duka nikaweka kitufe cha kufuta jirani na cha kuhifadhi, na mwenye duka akapoteza kazi ya asubuhi nzima kwa kidole kuteleza. Tangu siku hiyo sitoi kitu kisichoweza kurudishwa.

Sasa picha. Hapa nakuomba ukasimame kando ya meza ya mamako asubuhi moja, usiuze, utazame mikono ya wateja tu. Mzoefu wa mitumba hatazami kifua cha shati. Anaanza na kola, kwa maana shingoni ndiko kuchakaa huonekana mapema. Kisha kwapani. Anageuza pindo aone mshono kwa ndani. Anainua nguo juu, anaitazama dhidi ya mwanga kutafuta vitundu. Suruali anafungua zipu na kuifunga, halafu anapapasa mapajani kwa ndani, ambako kitambaa husuguana kikawa chepesi. Kiatu anakikunja soli. Yote hayo kwa muda mfupi, na mdomo wake tayari uko kwenye bei.

Mnunuzi wa kwenye simu hana mikono. Picha zako ndizo mikono yake. Kwa hiyo picha ya kwanza ionyeshe nguo nzima, imetundikwa kwenye hanga mlangoni, kwenye kivuli chenye mwanga, kwa sababu jua kali la saa 6 mchana hupausha rangi na mnunuzi atadhani nguo ni ya rangi nyingine. Chora kwenye skrini ya kamera umbo la nguo kwa mistari hafifu, ili muuzaji ajue asimame umbali gani. Usimtake mtu aivae. Wauzaji wengi wa kwetu hawataki sura zao wala miili yao izunguke kwenye simu za watu, na hanga inatosha.

Picha ya pili ni ya kasoro, na iwe ya lazima pale tu kasoro ipo. Baada ya picha ya kwanza mwonyeshe vijipicha sita: doa, tundu, mshono uliofumuka, zipu mbovu, kifungo kilichopotea, rangi iliyopauka. Anagusa kinachohusika, kamera inafunguka, anapiga pale penye ila. Cha saba kiwe Haina kasoro, nacho lazima kiguswe, kisijichague chenyewe. Mtu anayetakiwa kusema kwa kidole chake kwamba nguo haina kasoro huigeuza tena kabla ya kusema. Na mnunuzi anayeonyeshwa doa dogo waziwazi hununua kwa moyo mweupe zaidi kuliko anayeonyeshwa nguo inayong'aa tu.

Saizi nazo zimewachosha watu. Lebo ya Uingereza ikisema 12, ya Marekani kwa mwili huo huo husema 8, na kwingi Ulaya 40. Juu ya hayo nguo imefuliwa miaka, imejikunja au imevutika, au fundi wa huko ilikotoka ameibana. Usiulize saizi. Uliza vipimo viwili: kwapa hadi kwapa, na urefu. Suruali, kiuno na urefu. Kiatu, urefu wa ndani kwa sentimita. Tena hata kuviandika si lazima. Mwambie mamako agundishe futikamba kwenye ukingo wa meza, nguo ilazwe hapo na kupigwa picha pamoja nayo, na mnunuzi asome mwenyewe. Upande wa mnunuzi weka maelezo ya mstari mmoja: "Chukua nguo yako inayokukaa vizuri, ilaze, ipime kwapa hadi kwapa, ulinganishe." Wakati wa kurudishiana nguo zisizotosha, mstari huo utakuwa umekuepusha na mengi.

Umeniuliza pia kama uweke Kiingereza na Kiswahili. Anza na Kiswahili, lakini Kiswahili cha sokoni. Vitufe vyako vimeandikwa "Wasilisha", "Thibitisha ombi", "Hali ya bidhaa". Hakuna aliyewahi kusema "wasilisha" akiwa amesimama mbele ya meza ya nguo. Andika "Weka sokoni". Mahali pa kutoa ofa andika "Mwisho ngapi?", maana ndilo swali lenyewe, na kila mtu kutoka Maweni hadi Mambrui analijua. Kupatana bei usikuondoe. Nimeona wabunifu wanaona bei isiyobadilika ni ustaarabu, lakini mteja wa mitumba asipopunguziwa hata shilingi 20 huona amedhulumiwa, na muuzaji huwa ameiongeza bei tayari kwa ajili hiyo. Ruhusu kila upande utaje bei mara tatu. Baada ya hapo wakubaliane au waachane, ili mazungumzo yasimle muuzaji siku nzima.

Kwenye kutafuta, mfundishe mashine visawe. Mmoja ataandika rinda, mwingine gauni. Mmoja tisheti, mwingine fulana. Jinzi itaandikwa kwa namna nne. Wote wafike mahali pamoja. Na anayekosa asiambiwe tu "Hakuna matokeo". Mwonyeshe zinazokaribia.

Simu zenyewe, chukulia kila mtu ana Android ya bei nafuu, nafasi imejaa picha, kioo kimepasuka, na anaitazama juani. Vitufe viwe vikubwa, upana wa milimita 9 hivi, ambao ndio mwongozo wa Google kwa Android, na maandishi meusi juu ya weupe. Ile rangi ya kijivu juu ya waridi uliyoipenda haisomeki nje ya nyumba. Picha ya kamera yaweza kuwa megabaiti 3. Picha 20 za hivyo ni megabaiti 60, na hilo ni bando la mtu la siku nzima. Zibane kwenye simu ya muuzaji kabla hazijatumwa, kila moja iwe kilobaiti 100 hivi, na 20 zitakuwa megabaiti 2 tu. Mtandao ukikatika, nguo ikae ikisubiri na ijitume yenyewe ukirudi, na aandikiwe hivyo: "Imehifadhiwa, itaenda mtandao ukirudi." Mtu asiyeambiwa kitu hubonyeza tena na tena.

Tena usishindane na WhatsApp. Mamako tayari ana wateja huko, na picha anazoweka kwenye status hupotea baada ya saa 24. Mpe kitufe cha kuipeleka nguo huko pamoja na bei, namba ya nguo na kiungo. Mteja akigusa kiungo aione nguo papo hapo, bila kujisajili. Namba ya simu aombwe anapogusa Niwekee, si kabla. Barua pepe asiombwe kamwe.

Kuhusu pesa. M-Pesa ipo tangu 2007, na watu wanaiamini kuliko watakavyokuamini wewe kwa miaka mingi ijayo, kwa hiyo simama nyuma yake. Kupitia Daraja, lango la Safaricom kwa watengenezaji programu, unaweza kufanya ombi la malipo lichomoze kwenye simu ya mnunuzi, naye atie PIN yake pale. PIN isiandikwe ndani ya programu yako hata siku moja. Akishaitia, funga kitufe na uandike "Tunasubiri jibu la M-Pesa", la sivyo atalipa mara mbili. Na nguo iitwe imelipiwa pale tu jibu linapofika kutoka Daraja lenyewe. Usikubali picha ya ujumbe wala ujumbe uliotumwa na mnunuzi, maana ujumbe wa uongo wa M-Pesa umewaliza wafanyabiashara wengi.

Lakini usikae na pesa za watu. Najua umewaza kuzishika mpaka mnunuzi apokee nguo yake, na wazo ni zuri, ila kushika na kupitisha fedha za wengine ni kazi inayosimamiwa na Benki Kuu ya Kenya chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Kitaifa ya 2011, na inahitaji idhini. Kwa mwanzo, pesa ziende moja kwa moja kwenye till au Pochi la Biashara ya muuzaji, na ndani ya Malindi malipo yafanywe nguo ikishaonekana. Mwenye bodaboda au tuktuk asubiri dakika 5, mnunuzi aigeuze, kisha ndipo alipe. Kwa Watamu, Gongoni au mbali zaidi, ambako mzigo unapanda matatu, alipe nauli kwanza na programu iseme hivyo mapema, kabla hajapenda nguo.

Mahali pa kupelekea, futa masanduku ya "mtaa" na "namba ya nyumba". Watu hutaja msikiti, duka la pembeni, mwembe. Weka sanduku moja la maneno na kitufe cha kurekodi sauti.

Jambo lililonikera zaidi kwenye skrini zako, nisamehe nikisema wazi, ni kwamba namba ya simu ya mamako inaonekana na kila apitaye. Mwanamke anayeuza nguo akiweka namba yake hadharani hupigiwa usiku na watu wasiotaka nguo. Ifiche. Mazungumzo yapite ndani ya programu, na namba ifunguke pale nguo inapowekwa au kulipiwa. Kisha soma Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: inakutaka uchukue taarifa unazozihitaji tu, useme unazichukulia nini, na uzilinde. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ndiyo inayosimamia, na wewe ndiwe utakayeulizwa zikivuja.

Ukijumlisha, skrini 14 zinakuwa 5: sokoni, nguo moja, kuweka nguo, mazungumzo ya bei, na vitu vyangu. Nyingine zote ziweke kando.

Limebaki la kuwaonyesha. Uliwauliza mamako na shangazi zako wanaionaje, nao wakakujibu kama wazazi. Hawatakuvunja moyo, wamekulea na adabu yao haiwaruhusu. Usiulize tena. Chora skrini hizo 5 kwenye karatasi, ukubwa wa simu, kabla hujaandika programu. Mpe mmoja blauzi mkononi umwambie, "Iuze." Kisha nyamaza. Asipojua aguse wapi, usimwonyeshe. Andika alipokwama na muda aliochukua. Fanya hivyo na watu 5, maana Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima urahisi wa programu, alionyesha mwaka 2000 kwamba 5 wanatosha kufichua sehemu kubwa ya makosa, kisha rekebisha na uwatafute 5 wengine. Wawili kati yao wasiwe jamaa zako.

Ya iPhone iache kwa sasa. Ukishairekebisha, niandikie tena na uniletee namba mbili tu: sekunde alizochukua mamako kuweka nguo moja bila msaada wako, na nguo ngapi aliweka mwenyewe siku alipofungua mtumba.